Nilivyoacha Lumbesa

Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikinunua viazi mviringo katika vijiji vya mkoa wa Njombe na kuvipeleka Dar es Salaam, na katika miaka sita ya mwanzo sikumbuki kupakia gunia ambalo halikuwa lumbesa. Kwa asiyelijua jambo hili, lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kilemba cha viazi kinachozungushiwa wavu na kushonwa kwa kamba, hata gunia linalohesabiwa kuwa moja na kulipiwa kama moja likabeba kilo 130 au zaidi. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hilo nililijua, ila sikulihesabu kuwa dhambi. Nililiona kuwa ni desturi ya biashara, nami nilitoa fungu la kumi bila kukosa, nilihudhuria ibada za jumuiya, na nilikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri.

Jioni moja jumuiya ilikutana nyumbani kwangu, na somo lilitoka Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Kijana mmoja aliyekuwa amepata kipaimara mwaka uleule alisema, bila nia ya kumwumiza mtu, kwamba kumbe lumbesa imo katika Biblia. Watu walitabasamu, somo likaendelea, lakini mimi sikusikia tena kilichosemwa. Kila neno la mstari ule nilikuwa nalijua kwa mikono yangu. Vijana wangu hushika gunia wawili wawili, mmoja kila upande, wakalisukasuka na kulidunda chini ili viazi vikae, kisha mmoja hupanda juu na kushindilia kwa mguu, huku mwenye shamba akiwa amesimama pembeni na ndoo yake, akingoja kuambiwa aongeze. Bwana Yesu alikuwa akizungumza na mtu anayetoa. Mimi nilikuwa nimekichukua kipimo kilekile na kukigeuza kuwa cha mtu anayepokea, nikimlazimisha mwenzangu anijazie, anishindilie na animwagie vilivyo vyake, kwa sababu alikuwa na mtoto wa kulipiwa shule na hakuwa na mnunuzi mwingine siku ile.

Usiku ule nilikumbuka pia amri ya saba kama nilivyoikariri katika mafundisho ya kipaimara. Katika Katekismu Ndogo, Martin Luther haishii kukataza kuiba; anasema tusijipatie mali ya jirani kwa biashara ya hila, bali tumsaidie kuitunza na kuiongeza. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya gari moja. Magunia 70, na kila gunia lina kilo 30 zisizolipiwa: ni kilo 2,100, yaani magunia 21 halali ambayo nilikuwa nikiyachukua bure kila safari.

Kuacha hakukuwa jambo la siku moja, na ningependa mwenzangu anayetaka kujaribu aelewe ni kwa nini. Lumbesa haitokani na tamaa ya mnunuzi peke yake. Msafirishaji hutoza kwa gunia, wapagazi hulipwa kwa gunia, na tozo nyingi njiani na sokoni huhesabiwa kwa gunia, kwa hiyo mwenye magunia machache makubwa hulipa kidogo kuliko mwenye magunia mengi halali ya uzito uleule. Niliponunua mizani, nikaipeleka kwa Wakala wa Vipimo ikakaguliwa na kubandikwa stika, na kuanza kununua kwa kilo, safari mbili za kwanza zilinila mtaji. Mwenzangu tuliyekuwa tukichangia gari alijitoa, na sikumlaumu, kwa maana alikuwa na familia kama mimi. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba, ikiwa tuliweza kuomba baraka juu ya biashara ile ya zamani, basi tuna sababu zaidi ya kuomba juu ya hii.

Tuliomba, lakini pia nilitembea. Nilizunguka Dar es Salaam kwa siku nne nikizungumza na wauza chipsi na wenye migahawa, nikagundua jambo ambalo wakati wote nilikuwa nimelipita tu: wao huchoshwa na gunia wasilojua uzito wake, lenye viazi vikubwa juu na vidogo katikati. Nilianza kuwapelekea magunia ya kilo 100 kamili, na baadaye ya kilo 50, yaliyochambuliwa kwa ukubwa, kwa bei ya kilo. Faida kwa kila kilo ni ndogo kuliko zamani, lakini wateja wale hawaniachi, na mzigo haulali sokoni ukaoza. Ipo misimu ambayo gari huondoka likiwa halijajaa kwa sababu mnunuzi mwingine amefika kabla yangu na fedha taslimu na magunia yenye vilemba. Siku hizo huwa nzito, na siwezi kusema nimezizoea.

Wapagazi nao wamenifundisha kitu. Mmoja wao, mtu mzima aliyewahi kunibebea lumbesa kwa miaka kadhaa, alishika gunia la kilo 50, akalipandisha begani, akasimama kidogo kabla ya kuanza kutembea, kisha akaniambia, "Mzee, hili nalibeba huku nikipumua." Kabla ya hapo sikuwahi kuufikiria mgongo wake kuwa sehemu ya dhambi yangu.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko mizani. Zakayo aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya kwa hila, na mimi sikuwa na uwezo wa kurudisha hata mara moja kwa miaka yote sita. Hata hivyo, daftari langu la msimu wa mwisho wa lumbesa lilikuwapo, likiwa na majina ya waliouza na idadi ya magunia yao, nikaamua kulipa kilo 30 kwa kila gunia la msimu ule, kwa bei ya wakati ule. Ilinichukua misimu miwili. Wengine walicheka wakidhani ninatafuta kura za serikali ya kijiji, na wengine walipokea bila neno.

Wa mwisho katika orodha alikuwa mama mmoja mjane wa usharika wetu. Nilimkuta akichambua maharage uani, nikamsalimu, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na ile hesabu ya kilo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Tulijua, mwanangu," alisema. "Tulikuwa tunashona vile vilemba siku ya Jumamosi, na Jumapili tunakuona ukipitisha kapu la sadaka."

Sikuwa na la kujibu zaidi ya kumwomba anisamehe. Alizipokea fedha kwa mikono miwili, akazihesabu polepole, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, kisha akaniuliza gari langu lingefika lini, kwa kuwa viazi vyake vya vinyunguni, yaani mashamba ya bondeni, vilikuwa vimekomaa, na safari hii alitaka nije na ile mizani mapema, kabla ya jua kuwa kali.