Wembe wa Shosho

Mwaka wa 2011 niliingia karakana moja hapa Nairobi ya kutengeneza flai, vile vidudu bandia vya kuvulia samaki wanaitwa trauti, kazi yote inapelekwa Uingereza na Marekani. Nilikuwa na miaka 19, nimetoka Nyeri juzi tu. Trauti nawajua, kwetu mto Gura hauko mbali na ni huko Wazungu walimwaga wale wa kwanza 1905, lakini flai yenyewe nilikuwa sijawahi kuishika hata moja.

Malipo yalikuwa kwa dazeni. Ukutani kulikuwa na ubao, kila aina ya flai imedungwa hapo na bei yake chini, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa Adams, ile ya kuelea, mwili wa kijivu na vibawa viwili vya manyoya ya jogoo vimesimama wima, kwa sababu dazeni yake ilikuwa inalipa karibu mara mbili ya Woolly Bugger na mimi nilikuwa na kodi ya nyumba Kawangware. Shosho, ndivyo tulimwita wote, ndiye alikuwa anafundisha wageni. Akaniambia, "Mjukuu wangu, anza na Bugger." Nikamwambia Shosho, niache nijaribu hii. Hakubishana, akanipea ndoano sita namba 16.

Sasa namba ikipanda ndoano inapungua, hiyo 16 ni kitu kama punje ya mchele. Nikaibana kwa vaisi, kile kibanio cha mezani, nikaanza, uzi ukakatika kabla hata mkia haujashika. Nikirudia navuta polepole, manyoya yanazunguka na uzi yanaenda upande wa chini. Bawa moja linaangalia mbele, lingine limelala, na nikifika kichwani nafasi imeisha, jicho la ndoano limezibwa na uzi na manyoya, yaani hata mvuvi akiitaka hana pa kupitisha laini. Na kila kosa limefunikwa na lingine, hujui ulianza kuharibu wapi. Jioni nikampelekea zote sita. Akaziangalia moja moja kwa taa, akachukua wembe akazikwangua mpaka chuma, ndoano zikarudi kwa kopo. Neno moja hakusema, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Kesho yake nikaomba Bugger mwenyewe.

Ndoano namba 8, ndefu, unaiona vizuri. Vitu ni vitatu tu, mkia wa manyoya laini yanayoitwa marabuu, shenili ya mwili, yaani uzi mnene wenye manyoya, na nyoya moja refu la jogoo unalizungusha kutoka nyuma mpaka mbele. Nikamuuliza kama hayo marabuu yanatoka kwa wale ndege wakubwa wanaokaa juu ya miti pale Nyayo Stadium, akasema zamani ndiyo yalikuwa ya hao, siku hizi ni ya bata mzinga. Halafu akachukua flai yake moja akaitumbukiza kwa glasi ya maji, na ule mkia ambao ukiwa mkavu ni manyoya tu ukaanza kupumua, unafunguka unajifunga, mpaka nikasogeza uso karibu na glasi. Akasema samaki anaona hiyo, haoni kichwa chako kama kimenyooka.

Watu husema Bugger ni ya kuanzia kwa sababu ni kubwa. Mimi naona ni kwa sababu haifichi kitu, mkia ukizidi urefu wa ndoano unaona, uzi ukilegea shenili inateleza unaona hapo hapo, mbele kukijaa unajua ni shenili umeileta mbali sana, basi unarudi nyuma mizunguko miwili unaendelea. Kosa moja kwa wakati mmoja. Baada ya hiyo alinipeleka kwa Pheasant Tail, ile ya Mwingereza Frank Sawyer, ambayo haina hata uzi, ni vinyweleo vya mkia wa ndege anaitwa fezanti na waya mwembamba wa shaba basi, na hapo ndipo vidole vyangu vilijua kuvuta bila kukata. Vibawa nilikaa miezi bila kuvigusa.

Lakini hiyo dazeni ya kwanza ya Bugger nyeusi ndiyo naikumbuka. Ilinichukua siku tatu. Shosho akazipanga kwa sponji mstari mmoja, akachukua nyingine kwa kopo lake akaiweka kando ya kila moja kupima mkia, wembe uko mkono wa kulia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu zikapita. Ya nne akaikwangua. Ya tisa pia. Alipomaliza ya kumi na mbili akaweka wembe chini, akanisukumia ndoano mbili tupu.

"Jaza dazeni," akasema, "tukupeleke kwa daftari."

Nikazijaza kabla ya chai ya saa nne.