Humu Muko Kapenta

Juzi jioni mama watoto alikuwa anakaanga kapenta, wale dagaa waliokaushwa, kwenye sufuria kavu, bila mafuta kwanza, na moshi wake ukaingia mpaka sebuleni. Nikaacha nilichokuwa nafanya. Kwa watu wengine hiyo ni harufu ya kapenta tu. Kwangu mimi ni harufu ya papa, baba yangu, akiwa ameinamia bakuli.

Ilikuwa mwezi wa Juni, ile baridi yetu ya Lubumbashi ambayo wageni hawaiamini mpaka watoke nje alfajiri bila koti. Mjini walikuwa wamefungua mgahawa wa Kijapani unaopika rameni, tambi zao za mchuzi. Mimi nilikuwa nimepokea mshahara wa miezi miwili kwa mara moja, na wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kumpeleka papa, kwa sababu aliwahi kufanya kazi na Wajapani kule Musoshi. Hilo ndilo jambo pekee tulilolijua sisi watoto wake. Musoshi ni ule mgodi wa shaba wa kampuni ya Sodimiza karibu na mpaka wa Zambia, uliochimbwa na Wajapani katika miaka ya 1970. Papa alishuka chini ya ardhi akiwa kijana. Wajapani walipoondoka, akarudi Katuba, akauza makala, makaa ya kupikia, mpaka uzeeni, na habari za Musoshi hakuzisimulia tena. Ukimuuliza, alisema kulikuwa na joto chini kule, basi.

Alikuja amevaa koti lake la kanisani na kofia. Meza zilikuwa sita tu, na mpishi unamwona akifanya kazi nyuma ya kaunta. Msichana aliyetuhudumia, mtoto wa hapa hapa, alitueleza kwa fahari kana kwamba amepika yeye: mchuzi ni wa mifupa ya nguruwe na kuku, umechemka tangu usiku, tambi ni za unga wa ngano uliokandwa kwa maji ya magadi, ndiyo maana zina unjano na hazilegei upesi, yai limelala kwenye mchuzi wa soya mpaka likageuka rangi ya kahawia. Nilimsikiliza vizuri. Nilitaka nimweleze papa kila kitu, asijione mgeni.

Bakuli lake lilipofika, hakuligusa. Alivua kofia, akaiweka gotini. Akasogeza uso juu ya mvuke, akafumba macho, akavuta hewa kwa pua, akakaa hivyo muda mrefu. Nilidhani anaomba.

“Humu muko kapenta,” akasema.

Nikamwambia hapana papa, ni nguruwe na kuku. Hakunijibu. Msichana akaenda kumuuliza mpishi, akarudi akicheka kwa mshangao: ni kweli, kwenye mchuzi mnatiwa samaki wadogo wa baharini waliokaushwa, wametolewa vichwa na matumbo ili wasilete uchungu. Mpishi akachungulia kumtazama mzee aliyejua. Papa akainamisha kichwa kidogo, na mpishi akainamisha chake zaidi.

Mimi niliomba uma. Papa alichukua vijiti. Ile mikono yenye kucha zilizopasuka kwa makala ilivishika kama mtu anavyoshika kalamu yake ya zamani. Akainua tambi, akasubiri mchuzi udondoke, akazipeleka mdomoni, akavuta.

Sauti yake ilijaza chumba. Fyuuuu, ndefu, isiyo na wasiwasi, matone yakaruka hadi kwenye kola ya lile koti. Akameza, akainua nyingine, akavuta tena. Usoni pake palikuwa na mtu nisiyemfahamu, kijana, mwepesi, ambaye alikuwa amekaa mahali pengine kabisa na si mezani pangu. Alinigeukia mdomo bado unang'aa mafuta, akaanza: “Kule Musoshi, usiku...”

Kwenye meza ya jirani walikuwa wamenyamaza. Wanaume wawili wa suti na mama mmoja aliyejipamba, wote wakitutazama. Nikamshika papa mkono.

“Papa, polepole. Batu banatuangalia.”

Nyumbani, kula bila sauti ilikuwa sheria yake. Mtoto aliyevuta mchuzi wa sombe, majani ya muhogo, kwa kelele alipigwa na kijiko kwenye vidole, na mimi nilipigwa kuliko wote. Nilipomshika mkono nilikuwa namtendea kama alivyonilea. Naliandika hili kwa sababu nimelitafakari sana, na bado halinitoshi.

Alitazama meza ile. Akaweka vijiti chini, sambamba, akaomba kijiko. Akala bakuli lote kimya, midomo imefungwa, kama tunavyokula sisi. Nikamuuliza, ulisema usiku ilikuwaje? Akasema, “Hapana, haiko kitu.”

Mengine yalikuwa ya kawaida. Nililipa, tukapanda teksi, akanishukuru mara mbili. Baada ya miaka miwili tulimzika.

Kwenye kilio alikuja mzee mmoja kutoka Kipushi, mwenzake wa mgodini. Tulikaa naye karibu na moto, na nikamsimulia habari za mgahawa ule kwa sababu sikuwa na la kusema. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema walipokuwa na zamu ya usiku, msimamizi wao Mjapani aliwachemshia tambi kwenye jiko dogo walipotoka chini. Mwanzoni papa alikula kimya, kwa heshima, na yule Mjapani akawa anauliza kila mara kama chakula ni kibaya. Kwao, tambi za moto zinavutwa kwa sauti: hewa inazipoza, na harufu inapanda puani, na jirani hachukii. Papa akajifunza. “Alibashinda beneyewe,” mzee akasema. Halafu akaitwa kwenye maombi, na asubuhi alikuwa ameshaondoka. Aliniachia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi.

Karatasi ninayo. Sijapiga. Nikishika simu, nakumbuka kwamba ninataka kumuuliza mzee mgonjwa wa Kipushi kitu ambacho papa mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo kunipa. Halafu ninaiweka chini.

Juzi, kapenta zilipoiva, tulikula na bukari, ugali wetu, na baada ya chakula nilichukua ile karatasi nikaandika nyuma yake. Usiku gani? Yule msimamizi aliitwa nani, na alimwitaje papa? Na kofia: kuna mtu aliyewafundisha kuivua mbele ya bakuli, au hiyo ilikuwa ya papa peke yake? Jumapili, tukitoka kanisani, nitampigia mzee, kama bado anaipokea simu hiyo.