Usisaini ile fomu ya uhamisho

Tangu kesi yetu na shule iishe napigiwa simu na wazazi mpaka usiku, wengine siwajui kabisa, wamepewa namba na jirani, na wote swali lao ni moja, mtoto ametolewa shule sasa nifanyeje. Kwa hivo nimeona niandike yote hapa mara moja. Jina la shule sitalitaja, kijana wangu bado yuko pale form four na nataka amalize kwa amani. Ni shule ya serikali hapa hapa Mombasa, ya kutwa, hiyo yatosha.

Siku ya kufunga muhula wa tatu mwaka jana kulivunjwa vioo vya maabara. Ni kweli vilivunjwa, sibishi, na aliyevunja anafaa alipe. Mwalimu wa zamu akaandika orodha ya majina na jina la mwanangu likawemo. Yeye anasema wakati ule alikuwa ameshatoka, yuko kwenye matatu ya Kisauni na mwenzake, na huyo mwenzake alikuwa tayari kuja kusema vivo hivo. Hakuna alomuuliza. Likizo nzima hatukupata simu wala barua. Shule zinafunguliwa Januari, nshalipa nusu ya fizi, kijana anafika getini soja ana karatasi anasoma majina, wewe kaa kando, wewe kaa kando, wengine wanaingia na wao wamesimama pale nje na mabegi yao mgongoni mpaka jua likawa kali.

Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Sikumpata prinsipo, nikapelekwa kwa depyuti, na huyo depyuti kwa kweli aliniongelesha kwa adabu, na mie naona hapo ndo mtego ulipo kwa sababu mzazi ukiongeleshwa kwa adabu unalainika. Akanambia, "Mama, sisi hatujamfukuza mtoto. Tunakushauri tu umtafutie shule nyengine itakayomfaa. Sisi tukimfukuza itabaki kwa rekodi yake, lakini ukimhamisha mwenyewe rekodi yake itakuwa safi." Kisha akanisogezea fomu ya maombi ya uhamisho. Ilikuwa imeshajazwa. Jina la kijana, namba yake ya adimishen, darasa, na pale pa sababu ya kuhama kulikuwa kumepigwa taipu "kwa ombi la mzazi". Kilichobaki ni saini yangu tu, na pale pa kusaini washaniwekea alama ya eksi kwa penseli.

Mie nafanya kazi kwenye ofisi ya kliaringi na fowadingi, kutwa nzima niko na makaratasi ya mizigo ya bandarini, na kitu kimoja nnachokijua vizuri ni kwamba aliyesaini ndiye mwenye mzigo. Mimi sijaomba mtoto wangu ahame. Nikamwambia mwalimu, kama mmemfukuza nipeni barua ya kumfukuza yenye sababu na iwe na saini yenu. Akasema hawatoi barua kwa sababu hawajamfukuza. Sawa, kama hamjamfukuza basi anaingia darasani sasa hivi? Hapana, haingii. Basi hapo nikajua nimesimama wapi.

Nikaenda kwa sekretari nikaomba karatasi mbili tupu, nikaandika kwa mkono maneno machache tu, kwamba leo tarehe fulani mwanangu amezuiliwa getini, naomba nielezwe sababu kwa maandishi na naomba mimi na yeye tusikizwe na bodi ya shule. Nakala mbili. Moja nikawaachia, ya pili nikamwomba anigongee muhuri wa kupokea na tarehe, naye akanigongea. Wazazi wenzangu, karatasi ile ndo iliyobeba kesi nzima, kwa sababu baadae shule ilipojibu mahakamani ilisema mzazi hakuwahi kulalamika.

Sasa sheria yenyewe inasemaje, maana wengi wanadhani shule ikishaamua imeamua. Kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na kwa sheria hiyo elimu ya msingi haiishii praimari, sekondari nayo imo. Kifungu cha 35 kinasema mwanafunzi aliyeshaingizwa shule hafukuzwi. Kinaacha mlango mmoja tu mwembamba, kwamba waziri anaweza kuweka kanuni za kumfukuza mtoto alokosa nidhamu kabisa, lakini mpaka njia nyengine zote za kumrekebisha ziwe zimejaribiwa zikashindwa, na mpaka mtoto mwenyewe na mzazi wake wawe wamepewa nafasi ya kusikizwa. Na hata huyo anayetolewa lazima apelekwe kwenye taasisi ya kumrekebisha huku akisoma, yaani hata mtoto mkorofi kuliko wote hatupwi barabarani. Halafu kuna Katiba, kifungu cha 47 uamuzi wowote unaokuumiza upewe sababu kwa maandishi, kifungu cha 53 mtoto ana haki ya elimu na maslahi yake ndiyo yanatangulia. Na sheria hiyo hiyo ya 2013 inaniwajibisha mimi mzazi nihakikishe mtoto anakwenda shule, nisipofanya hivo ni kosa la kushtakiwa. Sasa niambieni, serikali ina uwezo wa kunishtaki mtoto akikaa nyumbani, na shule ya serikali ndo imemfungia geti. Niliposoma hapo nililia wallahi, si kwa huzuni, kwa hasira.

Nlipata wakili kupitia rafiki yangu, dada mmoja mtaratibu sana, na alinipunguzia bei. Asiye na uwezo kabisa asikate tamaa, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi hapa Mombasa, FIDA, chama cha mawakili wanawake, pia wako kwa kina mama, nendeni muulize. Kitu cha kwanza wakili alinikataza kukimbilia mahakamani. Mie nilitaka kesi siku ile ile, yeye akanambia dada, mahakama itakurudisha. Sheria ya uamuzi wa haki ya 2015 (Fair Administrative Action Act) inataka kwanza umalize njia za ndani, kwa shule ina maana ofisi ya elimu na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na juu yake kuna Tribyuno ya Rufaa za Elimu. Akanikumbusha ile kesi ya Isiolo ya wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu shuleni, sisi wa Pwani tuliifuata sana ile. Mahakama ya Rufaa 2016 iliwapa wasichana ruhusa ya kuvaa, watu tukafurahi, Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua, na sababu kubwa haikuwa kwamba hijabu haifai, ni kwamba lile dai liliingizwa kwenye kesi kwa njia isiyo sawa. Haki yako yaweza kuwa kubwa kama Ngomeni, ile Fort Jesus, ukipita mlango usiokuwa wake unatoka mikono mitupu.

Basi wakili akaandikia shule barua ya madai, nakala kwa mkurugenzi wa elimu, na mimi nikapeleka rufaa Bodi ya Kaunti. Shule haikujibu. Bodi ikasema itaita kikao, tarehe haitajwi. Ofisini nilipokewa vizuri, sitadanganya, lakini kila nikirudi naambiwa faili iko kwa mkubwa na mkubwa yuko safarini.

Na nyumbani huku kijana amebadilika. Asubuhi anaamka saa kumi na moja ile ile ya shule, anaoga, kisha anakaa barazani. Vitabu hafungui. Watoto wa mtaa wanapita na sare anaingia ndani. Mjombake akamwambia aje amsaidie dukani apoteze mawazo, nikakataa, nikasema mtoto akishazoea kushika pesa kumrudisha darasani ni kazi. Na kilichonikaba roho zaidi ni usajili wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, unafanywa na shule muhula wa kwanza, dirisha likifungwa ndo mwaka umekwenda. Shule nyengine nayo kumpokea form four muhula wa kwanza ni ngumu, na kwenye NEMIS, ule mtandao wa serikali wa kuandikisha wanafunzi, jina bado liko shule ya zamani.

Huo usajili ndo uliotufungulia njia. Sheria hiyo ya 2015 inasema mahakama inaweza kumsamehe mtu asimalize njia za ndani kama kuna sababu ya kipekee na haki inataka hivo, ila lazima uombe. Tukaomba. Tukaingiza kesi Mahakama Kuu na cheti cha dharura ili isikizwe haraka, nikaapa afidaviti, yaani maelezo yangu ya kiapo, na viambatisho vyetu vilikuwa risiti ya fizi, ripoti fomu zake zote, barua ya wakili, na ile karatasi yangu yenye muhuri. Fomu yao ya uhamisho nayo nilikuwa nimeipiga picha na simu kabla sijaondoka kwa depyuti, nayo ikaingia. Kwenye karatasi za kesi jina la mtoto halikuandikwa, ziliandikwa herufi tu, yake na yangu, ili asije akatafutwa kwa intaneti miaka kumi ijayo akakutwa na kesi. Hilo mliulize kwa wakili wenu mapema.

Wakili wetu pia alitegemea ile hukumu ya Septemba 2019 ya Nairobi, ya msichana wa Kirasta alotolewa shule kwa sababu ya nywele zake, ambapo Jaji Chacha Mwita aliamua haki za mtoto zimekiukwa na abaki shuleni. Mambo ni tofauti, yule ilikuwa dini na wangu ilikuwa nidhamu, lakini kiini ni kile kile kwamba kanuni za shule ziko chini ya Katiba.

Kesi ikasikizwa kwa linki ya intaneti, mimi niko ofisini nimejifungia stoo na simu. Upande wa shule akaja wakili wa serikali kutoka ofisi ya Mwanasheria Mkuu, akasema mwanafunzi hajafukuzwa, ni mzazi aliyekuwa akitafuta uhamisho. Jaji akauliza fomu ya uhamisho yenye saini ya mzazi iko wapi. Haikuweko. Akauliza kumbukumbu za kikao cha bodi ya shule kilichomsikiza mtoto ziko wapi. Hazikuweko. Akatoa oda ya muda, mtoto arudi darasani na asajiliwe mtihani mpaka kesi isikizwe.

Nlimpeleka mwenyewe na oda mkononi. Soja aliisoma yote, akatupisha.

Kesi haikufika hukumu. Pande zote zilikubaliana, makubaliano yakarekodiwa mahakamani, kila mtu agharamie mawakili wake, jina la kijana litolewe kwenye ile orodha na bodi ya shule imwite imsikize kama sheria inavyotaka, kwa barua, mimi nikiwepo. Na kikao hicho ndo nataka wazazi mkielewe, kwa sababu mwisho wa yote tulikuwa tunapigania kikao kimoja tu. Mwalimu wa zamu aliulizwa, ulimwona akirusha jiwe? Akasema hapana. Kwa nini ulimwandika? Akasema kwa sababu huwa anatembea na kundi lile. Basi. Yule mwenzake wa matatu akaeleza, mwanangu akaeleza, akakubali kwamba aliondoka kabla ya kuitwa majina na kwa hilo akapewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja, na akafyeka, na mimi nilikubali kabisa maana hilo alifanya. Kikao hakikumaliza hata saa moja. Wangekaa saa ile moja Disemba, mtoto asingepoteza muhula karibu wote, na mie nisingekopa chamani kulipa wakili.

Sina chuki na walimu, najua darasa moja lina watoto zaidi ya hamsini na vioo ni pesa. Lakini orodha si ushahidi, na ushauri wa kuhamisha mtoto ambaye geti limeshafungwa ni kufukuza, waite wanavyotaka.

Wale wengine walosimamishwa getini siku ile, wazazi wao wengi walisaini. Mmoja mamake namjua, anauza mboga Kongowea, aliambiwa yale yale ya rekodi safi, akasaini pale pa eksi, akazunguka shule mpaka akachoka na sasa mtoto anabeba mizigo hapo hapo sokoni. Wakili amenambia kusaini hakujafuta haki ya mtoto ya kusoma, ofisi ya elimu bado ina wajibu wa kumtafutia nafasi, na kama alisaini kwa kushurutishwa hilo linaweza kusemwa. Jumatatu twaenda pamoja kwa mkurugenzi wa elimu. Nshamwambia aje na nakala ya ile fomu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na risiti zote za fizi alizonazo, barua nitamwandikia mimi, nakala mbili.