Nta ya Tabora Juu ya Boneti Nyeusi

Kwa miezi kadhaa sasa, rafiki zangu wawili nami tumekuwa tukikutana Jumapili uani kwangu, Nyegezi, kujitengenezea nta ya kung'arishia magari. Jambo tulilojifunza mapema, kwa gharama ya boneti yangu, ni kwamba mng'ao wa siku ya kwanza si kipimo cha chochote.

Mchanganyiko wetu wa kwanza ulikuwa nta ya nyuki kutoka Tabora, ambayo tulilazimika kuichuja kwa kipande cha kanga kwa sababu ilikuwa bado na masalia ya masega, pamoja na mafuta mengi ya nazi. Jioni ile taa ya baraza ilionekana waziwazi ndani ya mlango wa gari, nasi tukapongezana. Kesho yake nilikwenda Igoma, nikarudi na kuegesha karibu na ziwa. Hadi saa kumi boneti ilikuwa imevaa vumbi, na juu ya vumbi hilo walikuwa wamenasa wale wadudu wadogo wa ziwani ambao kwa mbali huonekana kama moshi unaopanda kutoka majini. Kuwafuta kulikuwa kama kupaka uji.

Kosa lilikuwa letu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mchana wa Mwanza hayana nafasi ya kuganda, na yakichanganywa na nta ya nyuki huilainisha nayo, ilhali nta hiyo yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 tu. Gari jeusi likiachwa juani, boneti hupata moto usiovumilika kwa kiganja. Mchanganyiko laini hauwezi kukauka hapo.

Ndipo tukatafuta karnauba, nta inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi na mchikichi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Huja katika vipande vyembamba vya manjano, vigumu na vyepesi kuvunjika, na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Peke yake haipakiki. Kwa sasa tunatumia gramu 30 za karnauba, gramu 20 za nta ya nyuki na mililita 150 za tapentaini (kiyeyushi kinachotumika kuzimulia rangi ya mafuta), bila tone la mafuta ya nazi.

Nta tunaziyeyusha katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka (mke wangu ameshauliza, "Baba Neema, sufuria yangu ya ugali itarudi lini?"), kisha tunaliondoa kopo na kulipeleka mbali na jiko kabla ya kumimina tapentaini, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Kwenye hatua hii hatufanyi mzaha, na jiko la mkaa tumeliacha kabisa.

Wiki iliyopita tuligawa boneti kwa utepe: kulia mchanganyiko mpya, kushoto wenye nta ya nyuki na tapentaini tu. Mvua ya Alhamisi iliponyesha, kulia matone yalisimama kama punje za mtama, kushoto maji yalitandaa. Mwenzetu mmoja anabisha kwamba upande wa kushoto haukusuguliwa vizuri, kwa hiyo Jumapili hii tutabadilisha pande, naye ndiye atakayesugua.