Aliyekataa Jina Lake Litajwe

Mwaka 2009 nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uandishi wa habari, Dar es Salaam, na nilishajiona mwandishi kamili. Kila asubuhi nilisimama kwenye meza ya magazeti pale Mwenge, nikisoma vichwa vya habari vya Mwananchi na Nipashe bila kununua hata moja, mpaka muuzaji aanze kunikata jicho. Lugha ile ilinikaa kichwani kama dua: "imeelezwa kuwa", "wananchi wameiomba serikali", "kwa sharti la kutotajwa jina".

Mwalimu wetu wa kuripoti alikuwa amehariri gazeti miaka mingi kabla ya kuja kufundisha. Jumatatu moja akatugawa: wengine Mahakama ya Kisutu, wengine Kariakoo, mimi soko la samaki la Feri. Vibua vimepanda bei, akasema, kajue kwa nini. Maneno mia tatu, Jumatano saa mbili asubuhi yawe mezani.

Nilifika Feri Jumanne saa sita mchana. Anayelijua soko lile ameshacheka. Mnada ni wa alfajiri. Saa sita unakuta sakafu imeshamwagiwa maji, wanunuzi wakubwa wameondoka zamani, na waliobaki wamechoka hawataki maswali. Kijana mmoja aliyekuwa akipara samaki alinitajia bei ya ndoo bila kuinua kichwa. Nikaiandika. Jua lilikuwa kali, nikanunua maji, nikatazama pantoni likivuka kwenda Kigamboni, nikarudi zangu hosteli.

Usiku stori ikagoma. Bei ilikuwepo, mahali palikuwepo, nukuu haikuwepo. Muhula ule tulikuwa tunakariri Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, ile iliyokuja kufutwa 2016, pamoja na kanuni za maadili za Baraza la Habari, na ungeniamsha usingizini ningekutajia kwamba kubuni nukuu ni kosa. Sikuona kama nabuni. Niliona namsaidia mtu kusema jambo ambalo angelisema tu kama ningemkuta. Nikaandika:

"Tunaiomba serikali iliangalie suala hili kwa jicho la huruma kwani hali ya maisha imekuwa ngumu," alisema mfanyabiashara mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe.

Nililala vizuri, ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Jumatano mwalimu akaisoma stori yangu kwa sauti mbele ya darasa. Akafika kwenye nukuu, akanyamaza, akairudia polepole.

"Huyu ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke, mwalimu."

"Anauza nini?"

"Vibua."

"Na amekaa Feri, mbele ya ndoo ya vibua, akakwambia 'kwa jicho la huruma'?"

Darasa likaanguka kicheko. Yeye hakucheka. Akavua miwani. "Nimehariri stori za Feri miaka mingi. Sijapata kumsikia mtu wa kule anaongea kama mtendaji wa kata. Kesho niletee maneno yake. Na jina."

Alijua kabisa kwamba hakuna mtu. Hakunipa hata sifuri. Sifuri ningeipokea kwa shukrani.

Alhamisi nilipanda daladala ya kwanza ya Posta, nikashuka na kutembea mpaka Kivukoni kukiwa bado na kagiza. Hapo ndipo nilipoliona soko. Madalali wanapaza sauti, ndoo zinapita vichwani, watu wanakupiga kikumbo na samahani hakuna. Wa kwanza niliyemuuliza akanifukuza, wa pili akadhani mimi ni mtu wa ushuru. Wa tatu alikuwa mama wa makamo, amekalia ndoo iliyofudikizwa, kanga kaifunga kibwebwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unanunua au unashangaa?"

Nikajieleza. Akanitajia jina lake, la baba yake na la babu yake, akanisimamia niyaandike yote matatu sawasawa. Nikamuuliza kwa nini vibua vimepanda. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali alipo, halafu akaelekeza kidevu nyuma yangu. Nikageuka. Juu ya maghorofa ya Posta mwezi ulikuwa haujazama, umejaa kama sinia.

"Si huo hapo? Usiku mweupe namna hii, samaki aifuate karabai ya mvuvi kwa lipi?"

Nami, kwa ukaidi wa mtu aliyekwishaandika jibu, nikamuuliza: "Sasa mnaiomba serikali iwasaidie vipi?"

Akamgeukia jirani yake. "Shoga, njoo usikie! Mwanafunzi anauliza kama serikali inaweza kutuzimia mwezi!" Wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Halafu akanihurumia. "Mwanangu, subiri giza. Vibua mtakula mpaka mvikinai."

Stori niliiandika upya garini, daftari likiwa gotini, herufi zikiruka kila konda alipogonga bodi. Nilichelewa dakika arobaini. Mwalimu akaipokea, akaikata intro yangu yote na kuipandisha nukuu ya yule mama juu kabisa. Akashuka nayo taratibu mpaka mwisho, ambako kwa mazoea nilikuwa nimeacha sentensi moja ya ile stori ya kwanza: "Wafanyabiashara hao wameiomba serikali kuchukua hatua."

Akaizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Juu ya mwezi?"