Kibarua cha chuoni: kwa wadogo zangu mnaokuja Marekani Agosti hii

Kila mwaka visa zikianza kutoka, napokea ujumbe wa aina moja: "Dada, shikamoo. Nimepata chuo. Kazi zipo huko?" Zipo. Swali linalofuata ndilo linaloninyima usingizi, maana wengi huuliza kama kazi hiyo itatosha kulipia ada. Haitatosha, na nawaomba mlijue hilo sasa, kabla mzee hajauza kiwanja.

Tupige hesabu. Mwenye visa ya F-1, yaani visa ya mwanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Likizo anaweza kufanya zaidi. Tuseme unalipwa dola 12 kwa saa. Hiyo ni dola 240 kwa wiki kabla ya kodi, na kwa muhula wa wiki 15 ni dola 3,600. Kuna majimbo yanayolipa chini ya hapo, kwani kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 na hakijapanda tangu 2009. Ada ya mwanafunzi wa kigeni, hata kwenye chuo cha jimbo, mara nyingi inavuka dola 20,000 kwa mwaka, na hapo hujalala wala hujala. Kibarua hiki kitakununulia chakula, vitabu, koti la baridi, na kitakuwezesha kumtumia mama chochote sikukuu ikifika. Si kidogo, lakini si ada.

Kazi zenyewe hutangazwa kwenye mfumo wa ajira wa chuo. Vyuo vingi vinatumia Handshake. Ukiona tangazo limeandikwa Federal Work-Study, lipite. Huo ni msaada wa serikali yao ambao sisi wa F-1 hatuupati, na nimeona vijana wakituma maombi huko mwezi mzima bila kujibiwa. Tafuta yasiyo na maneno hayo: bwalo la chakula, maktaba, ukumbi wa mazoezi, mapokezi ya mabweni, dawati la kompyuta.

Halafu inuka uende kwa miguu. Najua tulivyolelewa, kumfuata mtu usiyemjua na kumwomba kazi mbele za watu unaona kama unajipendekeza. Huku hakuna anayekushangaa. Nilipofanywa kiongozi wa zamu bwaloni, nilikuwa nakaa na msimamizi wetu tukipitia maombi. Alichokitazama kwanza ni saa. Mtu ameandika kurasa mbili za kujisifu bila kusema yuko huru lini, anawekwa kando. Mwingine amekuja mwenyewe na ratiba yake ya vipindi mkononi, anasema jioni za Jumatatu hadi Alhamisi niko huru, huyo anaanza wiki hiyo hiyo. Wiki ya mwisho ya Agosti bwalo linatafuta watu kwa udi na uvumba. Ukiikosa, rudi katikati ya Oktoba, mitihani ya kati ikishawaondoa waliochoka.

Wengi huanzia chumba cha kuoshea vyombo, kama nilivyoanza mimi. Trei zinakuja kwenye mkanda bila kusimama. Unakwangua mabaki, unapanga sahani, unazisukuma kwenye mashine, na upande wa pili mwenzako anazipokea zikiwa za moto hadi vidole vinawaka ndani ya glavu. Mvuke unakulowanisha mpaka fulana ya ndani. Nunua viatu visivyoteleza kabla ya kitu kingine chochote. Baadaye nilihamia maktaba kurudisha vitabu kwenye rafu, na usiku mmoja, nikisukuma toroli, nikafika PL 8701. Rafu ya Kiswahili. Nilisimama pale nikasoma migongo ya vitabu vyote.

Suala la namba ya Social Security, ile namba ya hifadhi ya jamii ambayo kila anayelipwa mshahara huku huwa nayo, huwatisha wengi bure. Kazi hutangulia, namba hufuata. Ukipata kazi, mwajiri anakuandikia barua, ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaandika ya kwake, unazipeleka ofisi ya Social Security pamoja na pasipoti, I-20 (fomu ya uanafunzi uliyopewa na chuo) na I-94 (rekodi ya kuingia nchini). Ukikutana na karani anayekwambia huwezi kuajiriwa bila namba, usibishane naye. Rudi ofisi ya wanafunzi wa kigeni wamweleze wao. Na ukianza kulipwa, soma hati ya malipo. Mwanafunzi wa F-1 katika miaka yake mitano ya mwanzo hakatwi makato ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Ukiyaona yamekatwa, dai urudishiwe.

Sasa boksi, yaani vibarua vya nje ya chuo. Utafika, na ndugu mwenye makaratasi yake atakuambia kuna ghala linahitaji watu, au kuna wazee wa kutunza usiku, malipo mkononi. Yeye hafanyi kosa. Wewe wa F-1 ukifanya kazi nje ya chuo bila kibali umevunja masharti ya visa, na aliyefanya kazi bila kibali hafikiriwi hata akiomba kurudishiwa hadhi yake ya uanafunzi. Nawajua waliorudi nyumbani na shahada nusu. Naelewa nyumbani wanavyopiga simu, na naelewa aibu ya kusema sina. Ukibanwa, nenda kaongee na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Baada ya mwaka mmoja wa masomo ipo njia ya kuomba kibali kwa sababu ya shida ya fedha.

Kuna nafasi mbili zinazopunguza gharama kubwa kwelikweli. Mlezi wa bweni, yaani mwanafunzi anayewaangalia wenzake bwenini, kwa wa shahada ya kwanza, mara nyingi hupewa chumba bure. Na kwa wa uzamili na uzamivu kuna usaidizi wa kufundisha au utafiti, ambao mara nyingi hufuta ada na kukupa posho. Kiswahili kinafundishwa Wisconsin-Madison, Michigan State, Indiana, Ohio University na kwingineko, na idara hizo zinahitaji watu wanaokijua. Waandikieni moja kwa moja, hata kama mnakwenda kusoma uchumi au afya ya jamii, na mwandike kabla hamjakubali nafasi ya chuo, kwa sababu posho nyingi hugawiwa wakati ule ule wa udahili.