Kabla ya kuilaumu bahari, uliza maji yalikuwa wapi

Ramani yangu ya kwanza ya ardhioevu ya pwani, niliyoichora kwa kulinganisha picha mbili za setilaiti, ilionyesha bahari imemeza eneo kubwa la tope mbele ya mikoko. Niliamini, na iliniuma. Nikaichapa na kumpelekea mzee mmoja, mvuvi aliyeujua mkono ule wa bahari tangu utotoni. Hakushangaa. Aliniuliza tu picha zangu mbili zilipigwa tarehe ngapi, saa ngapi. Nilipomtajia, alihesabu siku za mwezi kwa vidole. "Mwanangu, hii ya kwanza ni bamvua, maji yamekupwa. Hii ya pili ni maji mafu. Tope lipo, limefunikwa." Bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana; maji mafu ni siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo.

Nilikuwa nimechukua picha mbili za Landsat, setilaiti zinazopiga picha uso wa dunia, moja ya miaka ya 1990 na nyingine ya Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013. Kuzipata hakukuwa kazi, kwani hazina yote ya picha hizo imekuwa ya bure tangu 2008. Nililinganisha pikseli kwa pikseli, yaani vijimraba vinavyounda picha, kila kimoja mita 30 kwa 30, bila kujua maji yalisimama wapi siku hizo.

Nikaanza upya na majedwali ya maji kujaa na kupwa. Kila picha huja na saa iliyopigwa, kwa hiyo niliandika urefu wa maji pembeni ya kila tarehe. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila anayeanza kazi hii aambiwe siku ya kwanza. Kila Landsat inapopita, huwa karibu saa 4 asubuhi. Na bamvua za mahali pamoja hupwa na kujaa karibu saa zilezile. Kwetu kule bamvua hupwa mida hiyohiyo ya asubuhi na kujaa alasiri, kwa hiyo setilaiti haikuwahi hata mara moja kuona bamvua imejaa. Uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, ambao hufunikwa na maji ya bamvua peke yake, kwenye picha zangu ulikuwa mkavu na mweupe miaka yote. Nilikuwa nimeuandika kuwa msitu uliofyekwa! Haukuwahi kuwa na mti.

Basi nikabakiza picha ambazo maji yalikuwa karibu kimo kimoja. Zilibaki chache. Mawingu yalikula nyingine, na za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina mistari mitupu kwa sababu kifaa kimoja kiliharibika, ikabidi niziunganishe kadhaa kupata moja nzima. Kwa miaka ya karibuni nilisaidiwa na setilaiti ya Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10, na rada ya Sentinel-1 inayopenya mawingu. Kwenye rada maji yaliyotulia huwa meusi, na kingo za mabwawa ya kambamiti hujichora juu yake kama mistari iliyopigwa kwa rula.

Nikaacha kabisa kulinganisha ramani mbili. Ramani mbili zenye usahihi wa asilimia 85 kila moja, makosa yake yasipohusiana, zikiwekwa pamoja hubakiza takriban 72. Badala yake nilifuata kila pikseli mwaka hadi mwaka kwa NDVI, kipimo cha ukijani. Mikoko haipukutiki majani yote kwa msimu, hivyo mstari wake hutulia; ikikatwa, huporomoka ghafla na kukaa chini. Tope hupanda na kushuka na maji. Bwawa hushika maji hata bahari ikiwa mbali, na shamba la chumvi hubadilika kutoka maji kuwa weupe, kisha maji tena. Utepe wa mikoko wenye upana wa mita 15 haukuonekana vizuri kwenye Landsat, kwa hiyo niliutembelea kwa miguu na GPS ya simu.

Nilimrudia mzee na ramani mpya. Upotevu ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza, lakini ulikuwa wa kweli: mabwawa, karibu yote upande wa nchi kavu, ambako sikuwa nimeangalia kwa makini. Aliweka kidole juu ya moja na kunitajia mwaka lilipochimbwa. Nikafungua grafu ya pikseli hiyo. Tulipishana mwaka mmoja.